Kihenge cha Futi Nne na Nusu

Jumatatu, 6 Aprili 1970

Mvua tangu alfajiri. Darasa la sita linavuja upande wa dirishani, nimewasogeza watoto wote kwenye ubao, wakabanana wanne wanne kila dawati. Serikali inataka tuzoee mita na sentimita. Rula za shule ni za inchi, na watoto hawa makwao hapa Mvumi wanapima kwa shibiri, mkono na pima. Sitapigana na hilo. Masika ndio wakati wa kusuka, milala imejaa bondeni na kila nyumba kuna mtu mwenye ukili mapajani, ule utepe wa majani yake wa kushonea mikeka. Nimewaambia kila mmoja alete ukili wa pima moja aliousuka mwenyewe. Tutaupima kwa futi, halafu tutaugeuza kuwa sentimita.

Mwalimu Mkuu Kornelio alisimama mlangoni akisikiliza, miwani imejaa matone. "Vizuri, Mwalimu Verdiana," akasema. "Kazi kwanza."

Nilimwitikia kwa adabu. Chaki ilinikatikia mkononi.

Jumatano, 8 Aprili

Ukili umeletwa. Hakuna pima mbili zilizolingana, maana mikono ya watoto hailingani. Wenye mikono mifupi walichekwa mpaka nikawanyamazisha wenzao. Sikuzani, binti anayekaa dawati la mbele, alisema, "Mwalimu, kumbe ndiyo maana wanataka sentimita. Haina mkono wa mtu." Tukaandika: pima moja ya mtu mzima ni futi sita, futi sita ni sentimita mia na themanini na tatu.

Jumapili, 12 Aprili

Nimetoka kanisani. Padri alihubiri kusamehe. Niliinamisha kichwa kama wengine, ila mimi nilikuwa nikipanga maneno ya kuandika hapa.

Mwaka jana mwezi Mei nililetewa habari kwamba mama yangu ni mgonjwa sana kwetu Ruaha. Nilikwenda kwa Kornelio asubuhi hiyohiyo. Nilimwomba ruhusa nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia niketi. Alisema mkaguzi anakuja wiki ile na darasa langu ndilo litakalokaguliwa. "Kazi kwanza, Mwalimu. Ya nyumbani baadaye." Nilirudi tena kesho yake, nikapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi. Alinyanyua kalamu akaendelea kuandika.

Mkaguzi alikuja, akakagua, akasifu. Mimi nikapanda lori Kilosa hadi Mikumi, na Mikumi nikalala kituoni kusubiri gari la Kidodi. Nilipofika Ruaha udongo ulikuwa umeshakauka juu ya kaburi. Dada yangu Fausta aliniambia mama alikuwa akiuliza kila mlango ulipolia kama ni mimi.

Niliporudi shuleni, Kornelio aliniuliza kama nimeshaandaa mitihani. Hakusema pole. Mpaka leo hajasema. Basi kusamehe wasamehe wenye kuombwa msamaha.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Mto umefunga njia, watoto wa ng'ambo hawakufika. Tumesuka kamba za katani zilizoletwa kutoka Kimamba na kuzigawanya kwa mita.

Jumatatu, 4 Mei

Ghala la kijiji limekamilika. Kuta za matofali ya kuchoma, paa la bati, mlango mmoja tu, na fremu yake ya mninga imejengewa ukutani kabisa. Kornelio alituita ofisini mimi na Mwalimu Marko, nasi ndio walimu wote tuliopo. Safari hii aliniambia niketi.

Mpango wake ni huu. Darasa la sita lisuke kihenge kikubwa cha kuwekea mahindi ya shamba la shule. Kisukwe uani, kwa sababu ndani ya ghala kwa sasa kumejaa mifuko ya saruji na mbolea. Siku Afisa Elimu wa Wilaya atakapotembelea shule, watoto wakibebe kwa nyimbo na kukiingiza ghalani mbele ya macho yake.

"Hapo ndipo hesabu zako za sentimita zitakapoonekana, Mwalimu Verdiana," alisema. "Elimu na kazi, mahali pamoja. Mlango una upana wa futi nne. Wewe weka kihenge futi tatu na nusu, tubakize nafasi ya mikono."

"Sawa, Mwalimu Mkuu."

Tulipotoka, Marko aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kuna nafasi ofisi ya elimu Kilosa mjini na Kornelio anaililia. Ziara hii ndiyo mizani yake. "Akifanikiwa tutapumua," Marko alisema.

Mimi sikutaka apelekwe mahali pazuri.

Jumanne, 5 Mei

Mama anatimiza mwaka mwezi huu tangu afariki. Nimefua, nimepika, nimekaa. Nimemfikiria Kornelio akiwa na meza kubwa Kilosa, karani mlangoni, watu wakiomba ruhusa za misiba na yeye akinyanyua kalamu.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua imepungua, inakuja jioni tu. Wavulana wa darasa la saba wameteremsha mianzi kutoka milimani na watoto wangu wanaichana.

Asubuhi nilisimama mbele ya ubao na kuandika: Kihenge kina upana wa futi 4 na nusu. Geuza kuwa sentimita. Tafuta mzingo.

Niliandika nne pale palipotakiwa tatu, nikaipigia mstari chini. Watoto walifanya kazi vizuri. Inchi hamsini na nne, mara mbili nukta tano nne, sentimita mia moja thelathini na saba. Mzingo sentimita mia nne thelathini na kitu. Tukatoka nje, tukapigilia kigingi ardhini, tukafunga kamba ya katani yenye nusu ya upana, Sikuzani akaizungusha na kuchora duara kwenye udongo. Lilikuwa duara safi. Waliruka ndani yake wakicheka.

Ninajua mlango ni sentimita mia moja ishirini na mbili. Ninajua kihenge cha mianzi mikavu, chenye kitako cha magogo, hakikunjiki kama mkeka. Ninajua pia Kornelio hatapima, kwa sababu hajawahi kushika kitu kilichosukwa na mtoto. Atasimama mbele ya mgeni wake na kukitazama kikigoma.

Ijumaa, 15 Mei

Sikuzani alinifuata nilipokuwa nikifunga darasa. Wenzake walikuwa wameshaondoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujaenda nyumbani?"

"Nilipita ghalani. Nikaupima mlango kwa rula, kisha nikarudia kwa kamba." Alinyoosha kamba yenye fundo mahali mlango ulipoishia. "Nimegeuza mara mbili. Ni sentimita mia moja ishirini na mbili. Kihenge hakitapita, mwalimu."

Nilimtazama. Ana miaka kumi na mitatu, vidole vimechanwa na mianzi, amevifunga vitambaa. Hakuwa na kiburi usoni. Alikuwa na wasiwasi, kama mtu anayekimbia kumwambia jirani kwamba mbuzi wake amefunguka.

Ningeweza kusema umefanya vizuri, kesho tutapunguza. Tulikuwa tumesuka kimo cha kiganja kimoja tu kutoka chini.

"Mlango utapanuliwa," nikamwambia. "Mwalimu Mkuu anajua. Endeleeni kusuka."

"Utapanuliwa lini?"

"Sikuzani, fanya ulivyoelekezwa."

Aliikunja kamba yake taratibu. "Ndiyo, mwalimu." Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumamosi, 23 Mei

Mvua ya mwisho, nadhani. Kihenge kimefika kiunoni.

Jumatatu, 1 Juni

Baridi imeanza. Watu wanavuna, barabara nzima ina harufu ya mabua. Kornelio amepitia uani leo na kukizunguka kihenge, mikono nyuma. Akakipiga kofi ubavuni kama ng'ombe mnadani.

"Kimenenepa," akasema. "Vizuri. Kikubwa kinaonekana vizuri."

Marko alikuwa pembeni. Aliponitazama mimi, akakitazama kihenge, kisha akautazama mlango wa ghala kule ng'ambo ya uwanja, nilijua ameona. Marko ana watoto wanne na hataki ugomvi na mtu.

Sikuzani alikuwa akisuka upande wa pili. Hanisemeshi siku hizi ila nikimuuliza.

Ijumaa, 12 Juni

Mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Kornelio amenunua shati jipya. Nalala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima.

Jumatano, 17 Juni

Wamekuja na Landrova, Afisa Elimu na wageni wawili, na Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Yeremia, amevaa kofia yake ya sherehe. Wazazi walikuwepo, mahindi ya shule yamelala kwenye mikeka uwanjani yakisubiri. Kornelio alitoa hotuba kuhusu vipimo vipya vya taifa. Alitaja sentimita mara nyingi kuliko ninavyozitaja mimi darasani.

Kisha watoto wakakiinua. Walikuwa thelathini na zaidi chini ya kitu kile, wakiimba, miguu yao inatoa vumbi, kihenge kikielea juu ya vichwa vyao. Kilikuwa kizuri. Siwezi kusema uongo hapa. Sijawahi kuona kazi ya mikono ya watoto iliyo nzuri kama ile.

Wakafika mlangoni. Kikagonga fremu pande zote mbili. Wimbo ukakatika. Wakarudi nyuma, wakakilaza ubavu, wakasukuma tena, mianzi ikalia. Ndugu Yeremia akasema wakigeuze kitako mbele. Hakikupita. Kornelio akaenda mwenyewe kusukuma kwa bega, shati jipya likachanika begani. Mama mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, hata dereva.

Afisa Elimu hakucheka. Alitoa leso, akafuta mikono ambayo haikugusa chochote. "Mwalimu Mkuu," akasema, "hapa shuleni kwenu mlango na kihenge vilipimwa na watu wanaofahamiana?"

Kornelio alifungua mdomo. Niliuona uso wake ukibadilika kama nilivyouota, kwanza rangi, kisha macho, kisha kidevu. Nililiangalia lile kwa njaa. Nilisema moyoni, mama, tazama.

Wageni hawakukaa kula. Kuku wawili waliochinjwa wamebaki jikoni kwa Kornelio.

Alhamisi, 18 Juni

Paredi ya asubuhi. Kornelio alitoka na fimbo ya mpera, na hiyo hatoki nayo mara kwa mara. Alisimamisha darasa la sita mbele ya shule nzima.

"Nani aliupima mlango?"

Watoto wangu waliona aibu, wakatazama miguu yao. Wote walijua walichonakili kutoka ubaoni. Wote walinitazama kwa pembe za macho na hakuna aliyenyoosha kidole kwangu.

Sikuzani akasogea mbele. "Mimi niliupima, mwalimu."

"Ukapata ngapi?"

"Sentimita mia moja ishirini na mbili."

"Na mkasuka mia na thelathini na saba?"

"Niliambiwa mlango utapanuliwa."

"Na nani?"

Hakujibu. Alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba niliona kitambaa kwenye kidole chake gumba. Kornelio alimuuliza tena, na tena. Akasema mlango wa matofali haupanuliwi, kwamba ni mwongo na ameiaibisha shule. Akamwambia anyooshe mkono.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Naandika ukweli: sikusema. Bado nilikuwa nimeshiba ya jana. Kulikuwa na sauti ndani yangu inayosema mwache apige, kila mtu aone ni mtu wa namna gani, habari ifike Kilosa leo hii. Fimbo ya kwanza ikashuka kwenye kiganja kilichochanwa na mianzi. Mtoto hakulia. Alinigeuzia uso, hakuwa na hasira, alikuwa akisubiri tu. Ya pili ikashuka. Alikuwa bado akinisubiri.

"Ni mimi," nikasema.

Kornelio alisimama, fimbo imeinuliwa. "Ni wewe nini, Mwalimu Verdiana?"

"Mimi ndiye niliyemwambia mlango utapanuliwa. Uliniagiza futi tatu na nusu. Niliandika nne na nusu kwa makusudi. Huyu mtoto alinionya, nikamdanganya."

"Kwa nini?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu ambaye kweli hajui.

Nilikuwa na hotuba ya mwaka mzima. Yalitoka maneno manne. "Kwa ajili ya mama."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la abiria aliyewahi kukaa naye garini. Kisha akasema, "Mama yako amefanya nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia mbele ya watoto, magoti kwenye sakafu ya ofisi, kalamu, Ruaha, udongo. Alimgeukia Marko kana kwamba anauliza ni kweli. Marko akainamisha kichwa. Kornelio aliteremsha fimbo, akawaambia watoto waende madarasani, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Mwaka mzima nilidhani tunachukiana wawili. Nilidhani akinisalimia asubuhi analikumbuka, analificha, linamuuma kidogo mahali fulani. Kumbe chuki ile nilikuwa nayo peke yangu. Hakuwa ameibeba hata siku moja.

Namchukia zaidi leo kuliko jana.

Ijumaa, 19 Juni

Sikuzani hakuja shule.

Jumapili, 21 Juni

Sikwenda kanisani. Mama yake Sikuzani alinikuta uani nikianika nguo. Ni mjane, analima mpunga bondeni, hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Alikuja na binti yake, akamshika mkono na kukifungua kiganja mbele yangu.

"Tazama, mwalimu."

Nilitazama. Palikuwa pamevimba, mchaniko wa mwanzi umefunguka tena.

"Mimi sikuja kwa ugomvi," alisema. "Habari ya mama yako nimeisikia, na imeniuma. Mimi pia nimezika. Ila ugomvi ule ulikuwa wa watu wazima wawili. Mwanangu ulimweka katikati kwa nini?"

Nilimwambia Sikuzani pole, nimekukosea. Sikuzani akasema, "Ndiyo, mwalimu," akitazama kamba ya nguo.

Nilipika chai. Hawakunywa.

Jumatatu, 29 Juni

Kornelio aliitwa Kilosa Ijumaa, nami niliitwa leo. Nafasi ya ofisini amepewa mtu wa Kimamba. Mimi nimepewa onyo, na mwakani nitahamishwa, hawajasema wapi. Nilifurahi kusikia amekosa, ikawa furaha ya kukuna upele, tamu halafu panawaka.

Ndugu Yeremia ametangaza ukuta wa ghala hautabomolewa kwa ajili ya hasira ya mtu. Kihenge kifumuliwe na kisukwe upya. Mahindi ya shule yako kwenye mikeka na panya wameanza.

Ijumaa, 3 Julai

Tunafumua. Nimewaambia watoto kazi hii ni yangu na wanaotaka kwenda kucheza waende. Wamebaki karibu wote. Mianzi imenichana vidole vyote, na mchaniko wa mwanzi unauma zaidi ukiwa ndani ya maji.

Kornelio alikuja uani akiwa na lile shati, limeshonwa begani. Watoto wakaacha kufumua.

"Mwalimu Verdiana," akasema. "Pole kwa msiba wa mama."

"Asante," nikasema. "Nimeshapoa." Ndivyo inavyojibiwa, na watoto walikuwa wakisikiliza.

Sijapoa. Alisubiri kidogo kama kuna kitu kingine nitakachompa, kisha akarudi ofisini, akitembea juu ya mawe yake ya chokaa. Nilimtazama mgongo. Ni mzee kuliko nilivyokuwa nikimwona, na bado sikumwonea huruma.

Ijumaa, 10 Julai

Kihenge kipya kimesimama. Kabla hatujafunga ukingo wa juu, Sikuzani alichukua rula bila kuambiwa, akaenda ghalani akaupima mlango, akarudi akakipima kihenge chini, katikati na juu. Akapiga hesabu yake mavumbini kwa kijiti. Kisha akasimama.

"Sentimita mia moja na saba, mwalimu. Mlango ni mia moja ishirini na mbili. Kitapita."

Nilichuchumaa, nikaifuata hesabu yake mstari kwa mstari. "Ni sahihi, Sikuzani," nikamwambia. "Kila kitu ni sahihi."

"Asante, mwalimu."

Akapangusa magoti, akavuka uwanja mpaka darasa la Mwalimu Marko, akamwomba aje aihakiki.